Jibu kwa karani wa Newala: kwa nini folda zako hazikai ulivyozipanga

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala. Hati zetu za korosho, ufuta na mbaazi tunaziskani na kuzihifadhi kwenye kompyuta mpakato ya ofisi yenye Windows 10, na juzi tumepata nyingine ya mezani yenye Windows 11. Nina shida tatu. Nikifungua folda ya hati zilizoskaniwa, yanakuja mapicha makubwa badala ya orodha ya majina, tena yanakawia hadi mkulima aliye dirishani anaanza kugonga kioo. Nikiipanga vizuri folda moja, nyingine zinabaki vilevile, na hata hiyo niliyoipanga siku nyingine naikuta imerudi ilivyokuwa. La tatu, nikibofya ile alama ya folda ya njano, kwanza yanatokea mafaili yote niliyoyafungua karibuni, na kila aliyesimama nyuma yangu anayasoma. Nifanyeje ili folda zifunguke ninavyotaka mimi?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa foleni. Shida zako mbili za kwanza ni za mama mmoja; ya tatu ni mtoto wa jirani, nayo ni nyepesi kuliko zote, ingawa huenda ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa watu wenu. Nitaanza na hizo mbili kwa sababu ndizo zinazohitaji kueleweka kabla ya kuguswa.

Programu unayoifungua kwa ile alama ya njano, ambayo jina lake ni File Explorer, ina tabia ya kukisia. Unapofungua folda ambayo haijapata kufunguliwa, inachungulia kilichomo na kuipa folda hiyo aina moja kati ya tano: vitu mchanganyiko, nyaraka, picha, muziki au video. Kila aina ina sura yake ya kuanzia. Folda iliyokisiwa kuwa ya muziki hupewa safu za jina la mwimbaji na namba ya wimbo, iliyokisiwa kuwa ya nyaraka hupewa orodha yenye tarehe na ukubwa, na iliyokisiwa kuwa ya picha hupewa vijipicha vikubwa bila majina kupewa uzito wowote. Skana yenu, kwa dalili ulizoeleza, bila shaka inahifadhi kila karatasi kama picha ya JPG. Kwako wewe ile ni hati ya malipo ya mkulima yenye kilo, daraja na saini. Kwa programu ile ni picha tu, haina tofauti na picha ya bibi harusi akikata keki. Folda yenye hati mia sita za namna hiyo haiwezi kukisiwa vinginevyo isipokuwa kuwa albamu.

Ucheleweshaji nao unatoka hapohapo. Karatasi ya A4 iliyoskaniwa kwa kipimo cha kawaida cha nukta 300 kwa inchi ina nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, yaani karibu milioni 8.7. Ili kukuchorea kijipicha kimoja cha ukubwa wa kidole gumba, kompyuta inalazimika kulisoma faili zima, kulipunguza, kisha kukitunza kijipicha hicho kwa matumizi ya baadaye. Fanya hivyo mara mia sita kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye diski ya kuzunguka, na ule mstari wa kijani unaotambaa juu ya dirisha utakuwa na muda wa kutosha wa kumkasirisha mkulima aliyetoka Kitangari kwa miguu. Ukiirudisha folda kwenye orodha ya majina, programu haina tena sababu ya kuyasoma mafaili yote hayo. Inasoma majina, tarehe na ukubwa, vitu ambavyo diski inavyo tayari kwenye daftari lake.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni aina ya folda. Sura inakuja baadaye. Watu wengi huanza na sura, wakapanga safu na majina vizuri, na ndiyo maana kazi yao haienei popote. Nenda kwenye folda mama, ile inayobeba misimu yote, tuseme inaitwa Korosho. Ichague kwa kuibofya mara moja, kisha bonyeza Alt pamoja na Enter. Litafunguka dirisha la sifa za folda lenye vichupo juu. Chagua kichupo kilichoandikwa "Customize". Hapo pana kisanduku cha kuchagua aina, nacho nina hakika kubwa utakikuta kimeandikwa "Pictures". Kibadilishe kiwe "General items", weka tiki kwenye kijisanduku kilicho chini yake ambacho huyashusha mabadiliko hadi kwenye folda zote zilizomo ndani, kisha ukubali. Fanya hivyohivyo kwa folda ya ufuta na ya mbaazi.

Sasa ndipo uje kwenye sura. Ingia ndani ya folda mojawapo ya hati na ubonyeze Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja. Mapicha yatageuka kuwa orodha yenye safu. Bofya kulia kwenye kichwa cha safu yoyote, yaani pale palipoandikwa jina au tarehe, na utaona orodha ya safu unazoweza kuongeza au kuondoa. Kwa kazi yako ningebakiza jina, tarehe ya kubadilishwa, aina na ukubwa, basi. Menyu hiyohiyo ina mstari wa kupanua safu zote zitoshee maneno yaliyomo, na kama kibodi yako ina zile namba za pembeni, Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha ya upande huo hufanya kazi hiyo kwa mguso mmoja. Mwisho, bofya kichwa cha safu unayotaka ipange orodha.

Folda hiyo moja ikishakaa unavyopenda, sura yake unaieneza hivi. Ukiwa bado ndani yake, fungua dirisha la chaguo za folda: kwenye Windows 10 ni kitufe cha "Options" kilicho mwisho wa kichupo cha "View", na kwenye Windows 11 ni neno hilohilo lililofichwa chini ya vitone vitatu vilivyo juu. Nenda kichupo cha "View" cha dirisha hilo, na karibu na juu utaona kitufe cha "Apply to Folders". Hapa pana mtego uliowahi kunipotezea asubuhi nzima: dirisha hilo linaweza pia kufunguliwa kutoka nje, kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R na kuandika control folders, lakini ukilifungua kwa njia hiyo kitufe hicho huwa kimefifia na hakibofyeki, kwa sababu programu haijui unataka kueneza sura ya folda ipi. Lazima uwe umesimama ndani ya folda yenyewe.

Ukikibofya, utaulizwa kama unataka folda zote za aina hii zifanane na hii uliyomo. Msisitizo uko kwenye maneno "za aina hii". Watu husoma "zote", wakaruka yanayofuata, wakakubali, halafu wakalalamika kwamba kompyuta haisikii. Ukieneza sura kutoka folda iliyokisiwa kuwa ya picha, zitakazofuata ni folda za picha peke yake. Nililijua hilo kwa aibu. Katika ofisi moja mjini Lindi niliitwa kuziweka barua za miaka mitano katika orodha, nami nikaanza moja kwa moja na sura, bila kutazama aina. Barua zilizopigwa chapa hazikubadilika hata kidogo, bali folda ya mkuu wa ofisi yenye picha za harusi ya mwanawe, aliyokuwa akiwaonyesha wageni kwa fahari, ikageuka kuwa orodha ya namba za kamera. Nilipoulizwa harusi imekwenda wapi, sikuwa na jibu la haraka.

Folda ya "Downloads" ina aina yake ya pekee, haimo katika zile tano, kwa hiyo haitafuata ulichoeneza. Tangu Windows 10 toleo la 1903 la mwaka 2019, folda hiyo hupanga vitu kwa makundi ya leo, jana, wiki iliyopita na kadhalika. Wengine wanaupenda mpangilio huo. Kama wewe huupendi, bofya kulia mahali patupu ndani yake, chagua "Group by", kisha "None".

Ukiuliza kwa nini hata folda uliyoipanga hurudi ilivyokuwa, ni lazima nikueleze sura hiyo inatunzwa wapi. Kinyume na wanavyodhani wengi, haitunzwi ndani ya folda. Windows ina daftari lake kubwa la mipangilio, linaloitwa rejista, na humo kila mtumiaji wa kompyuta ana kurasa zake zinazosema folda fulani iliachwa na sura gani. Kutokana na hilo mambo kadhaa hufuata. Ukibadilisha jina la folda au ukaihamisha, kwa daftari hiyo ni folda mpya, nayo huanza upya na sura ya aina yake. Folda uliyoifungua kupitia maktaba ya nyaraka huhesabiwa tofauti na ileile uliyoifungua kupitia diski D, kwa hiyo ukiipanga kwa njia moja na kesho ukaingia kwa njia nyingine, utadhani imejirudisha yenyewe. Mwenzako wa zamu ya mchana akiingia kwa jina lake la mtumiaji, ataona sura zake, wala hataona zako. Na kurasa za daftari zina ukomo: zikijaa, za folda zisizofunguliwa siku nyingi hufutwa ili kupisha mpya. Ndiyo maana nasisitiza kueneza sura kwa aina nzima badala ya kupanga folda moja moja kwa mkono. Folda mpya ya msimu ujao itakapozaliwa, itavaa nguo za aina yake bila wewe kuigusa.

Lipo na jambo la umeme. Sura mpya huandikwa kwenye daftari pale unapoondoka kwenye folda au unapofunga dirisha, si wakati uleule unapobofya. Ukipanga safu zako vizuri, ukaacha dirisha wazi, na umeme ukakatika kabla hujalifunga, kazi hiyo imepotea. Kompyuta mpakato ina betri ya kukuokoa, lakini hiyo mpya ya mezani haina. Kwa hiyo kila ukimaliza kupanga, funga dirisha kwanza, kisha ulifungue tena uone kama limekumbuka.

Sasa niingie kwenye shida ya tatu, ile ya mafaili ya karibuni. Natoka Mtwara, na najua nani husimama nyuma ya karani siku ya malipo. Si wakulima peke yao. Wapo wanaodai, wapo ndugu waliokuja kupima uzito wa mfuko wa ndugu yao, na wapo wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa magendo nje ya ushirika, wanaotaka kujua nani amepeleka magunia mangapi ili wajue msimu ujao wamfuate nani kabla korosho hazijafika ghalani. Jina la faili lenye jina la mkulima na kilo zake, likitokea lenyewe kwenye kioo kila unapofungua programu, linatosha kabisa kuwapa wanachokitafuta.

Fungua lile dirisha la chaguo za folda, safari hii kwenye kichupo cha kwanza, "General". Juu kabisa pana kisanduku kinachouliza programu ifungukie wapi. Kwenye Windows 10 kitakuwa kimeandikwa "Quick access", na kwenye Windows 11 "Home"; kote kuwili chagua "This PC", nawe utakuwa ukianzia kwenye diski zako. Chini ya kichupo hichohicho, sehemu ya faragha, ondoa tiki kwenye mafaili yaliyotumiwa karibuni na kwenye folda zinazofunguliwa mara kwa mara, kisha bofya kitufe cha kufuta kumbukumbu zilizokwisha kujikusanya. Usiogope neno kufuta: linafuta orodha, halifuti hati hata moja. Ukimaliza hapo, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya mapambo ("Personalization") na menyu ya kuanzia ("Start"), uzime pia uonyeshaji wa vitu vilivyofunguliwa karibuni, kwa sababu ukibofya kulia alama ya programu kwenye ule mwambaa wa chini, orodha ileile hutokea kwa mlango wa nyuma. Word na Excel nazo zina orodha zao wenyewe, ambazo huzimwa ndani ya programu hizo.

Kuanzia kwenye "This PC", hata hivyo, kunakulazimisha kupitia folda nne au tano kabla ya kufika kwenye msimu wa sasa, na siku ya malipo hatua hizo ni nyingi. Dawa yake ni njia ya mkato. Bofya kulia mahali patupu kwenye desktop, chagua "New", kisha "Shortcut", na kwenye kisanduku kitakachotokea andika mstari kama huu, ukibadilisha anwani iwe ya kwako:

explorer.exe "D:\Ofisi\Korosho\2025-2026"

Ipe jina, tuseme Msimu. Kisha ichague, bonyeza Alt na Enter, na kwenye kisanduku cha kitufe cha mkato bonyeza herufi K. Windows itaandika yenyewe Ctrl + Alt + K, na tangu hapo vidole vitatu vitakufikisha kwenye korosho za msimu huu ukiwa popote, mradi njia hiyo ya mkato inabaki kwenye desktop. Msimu ukibadilika, unabadilisha anwani tu. Folda nyingine unazozitumia sana zivute kwa kipanya hadi kwenye kidirisha cha kushoto cha programu. Zitaning'inia hapo hata kama umezima orodha ya folda za mara kwa mara, kwa sababu hizi umezibandika mwenyewe.

Kuhusu majina, ambayo hukuyauliza lakini ndiyo yanayoamua kama orodha yako itasomeka, nina maoni makali kidogo. Programu hii inajua kuhesabu: faili linaloanza na 2 hulitanguliza kabla ya linaloanza na 10, tofauti na programu nyingi za zamani. Ila tarehe haijui kuisoma ndani ya jina. Ukiandika 17-10-2025 mwanzoni mwa jina, malipo ya tarehe 17 Oktoba yataangukia karibu na ya tarehe 17 Novemba na mbali na ya tarehe 18 Oktoba. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, 2025-10-17, na orodha itajipanga kama kalenda bila kuiomba. Usitegemee safu ya tarehe ya kuundwa kwa faili, kwa kuwa faili likinakiliwa kwenye kompyuta mpya tarehe hiyo huandikwa upya siku ya kunakili. Tarehe ya kubadilishwa ndiyo inayosafiri na faili. Na badala ya kuanza na jina la mkulima, anza na namba yake chamani. Vijiji vyetu, ambako jina la babu humrudia mjukuu, vina majina yanayofanana kiasi kwamba faili lenye jina tupu litakuletea ugomvi siku moja, na namba ina faida ya pili ya kutomwambia aliye nyuma yako chochote.

Kuna mpangilio mmoja ambao ningeubadilisha hata kama usingeuliza lolote. Kwa kawaida Windows huficha ule mkia wa jina la faili unaosema ni la aina gani, kama .pdf au .jpg. Kwenye kichupo cha "View" cha chaguo za folda tafuta mstari unaozungumzia kuficha mikia ya aina zinazojulikana na uondoe tiki. Sababu ni hii: mtu akikutumia kwa barua pepe faili liitwalo Ankara.pdf.exe, nawe mikia umeificha, utaona Ankara.pdf pamoja na alama ya kuigiza ya PDF, utabofya, na kumbe umeendesha programu ambayo huijui. Mikia ikiwa wazi, ule wa .exe utauona kabla ya kubofya.

Ukihitaji kulinganisha folda mbili, tuseme hati za mapokezi na hati za malipo, usizifungue kwa kupishana ndani ya dirisha moja. Bonyeza Ctrl na N upate dirisha la pili, kisha kitufe cha Windows na mshale wa kushoto kwa moja, wa kulia kwa jingine, nayo yatagawana kioo nusu kwa nusu. Windows 11 ina vichupo tangu mwaka 2022, ambavyo hufunguliwa kwa Ctrl na T. Lipo pia chaguo la kila folda kufunguka katika dirisha lake, lakini kwa ofisi yenye misimu na mazao kadhaa litakujazia kioo kabla ya saa nne asubuhi. Na Alt pamoja na P hufungua kidirisha cha kulia kinachokuonyesha hati uliyoichagua bila kuifungua. Kitumie kukagua saini, ila ukifunge wakati dirisha la wakulima liko wazi.

Ikiwa baada ya yote haya folda bado zinakaidi, na kwa kompyuta mpakato iliyopitia mikono ya makarani wengi hilo linawezekana, jaribu kwanza kitufe cha "Reset Folders" kilicho karibu na kile cha kueneza, ambacho hurudisha folda za aina uliyomo kwenye sura ya mwanzo. Kikishindwa, zinabaki kurasa zenyewe za daftari. Hatua hii ni ya mtu makini. Fanya asubuhi ambapo hakuna foleni. Funga madirisha yote, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, na katika dirisha jeusi linalotokea andika mistari hii mmoja baada ya mwingine:

reg export "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell" D:\nakala.reg

reg delete "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\BagMRU" /f

reg delete "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags" /f

reg add "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\AllFolders\Shell" /v FolderType /d NotSpecified /f

Mstari wa kwanza unatengeneza nakala ya kurejea ukikosea, wa pili na wa tatu unafuta kumbukumbu ya sura za folda zote, na wa nne unaiambia programu iache kukisia kabisa, ichukulie kila folda kuwa ya vitu mchanganyiko. Toka kwenye akaunti yako ya Windows, ingia tena, kisha rudia kupanga folda moja na kueneza sura yake. Kwenye kompyuta ya ofisi ambayo haina albamu ya mtu, mimi huweka mstari ule wa nne siku ya kwanza kabisa. Nyumbani siuweki, kwa maana wanangu wangenidai picha zao.

Hiyo kompyuta mpakato, nikiwa nimeitaja, haipokei tena masasisho ya bure ya kawaida ya usalama, kwa kuwa muda wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ningehamishia hati za wakulima kwenye ile ya mezani, na mpakato ningeiachia kazi ya kuskani tu. Kumbuka kwamba ukihamisha folda kwa flashi, hati zitafika lakini sura haitafika, kwa sababu imebaki kwenye daftari la kompyuta ya kwanza; hivyo hivyo ukipeleka flashi chama kikuu, wasishangae wakiona mapicha makubwa huko. Kinachosafiri ni alama ya folda, ukiwa umeibadilisha kwenye kile kichupo cha "Customize", kwani yenyewe huandikwa katika faili dogo lililofichwa ndani ya folda liitwalo desktop.ini. Misimu iliyofungwa unaweza kuipa alama ya kufuli kwa njia hiyo, na mwenzako akiwasha kuona mafaili yaliyofichwa akakutana na hilo desktop.ini, mwambie aliache.